Picha ya Darubini na Taa ya Angetile

Kijiwe chetu kipo Lyulilo, hapa Matema, pale njia ya sokoni inapokutana na mchanga. Kiti chake ni mtumbwi mkongwe uliolazwa kifudifudi, mgongo umelainishwa na makalio ya watu wenye hoja. Upande mmoja akina mama wa Kikisi wanapanga vyungu vyao, upande mwingine ni ziwa. Kahawa anamimina Nasibu, mtu wa Ujiji aliyemfuata mke huku, mke akaondoka, yeye akabaki na birika. Mimi naitwa Spika. Shule niliiacha darasa la sita baada ya kuona walimu hawana jipya, na kwenye mtumbwi huu sijawahi kushindwa mjadala, walionishinda walihama. Lakini asubuhi hiyo ya Jumanne mjadala ulikuwa mmoja na hakuna aliyeutaka. Angetile alikwenda kuvua usipa, dagaa wa ziwa letu, Ijumaa, peke yake, na taa yake ya betri mbele ya mtumbwi, na hajarudi. Boti ya kumtafuta ilibakiwa na mafuta ya safari moja tu. Ukienda upande wa milimani, mto Songwe hufiki. Ukienda Songwe, milimani ndiyo basi tena.

Aliyetakiwa kuendesha ni Hezroni, fundi wa injini za boti, ambaye tunamwita Injini kwa sababu naye kuwaka ni mpaka umvute mara tatu. Alikuwa amesimama, kikombe mkononi, hataki kukaa.

— Nyie ndio wenye midomo, — alisema. — Semeni upande, mimi nikawashe.

Akaanza yeye mwenyewe. Kwa hesabu zake upepo wa usiku ule ulitoka Songwe, kwa hiyo mtumbwi umebanwa kwenye miamba huko milimani kuelekea Ikombe, na Angetile amekaa juu ya jiwe anatafuna usipa mbichi, amenuna, anatutukana ukoo mzima kwa kuchelewa.

Mzee Anyelwisye akatikisa kichwa. Huyu tunamwita Hakimu, maana anatoa hukumu za kesi ambazo hakuna aliyempelekea. Akasema Ikombe ni kupoteza mafuta. Angetile yupo Karonga, ng'ambo ya Malawi, ana mwanamke huko, na muda huu anakula kondowole, ugali wa muhogo, kwa samaki huku amenyoosha miguu.

— Tata, — nikamwambia, — mtu anatoroka mke na nyavu zilizolowa? Si angechukua hata shati?

— Shati atanunuliwa na huyo wa Karonga.

— Hata viatu ameacha.

— Huyo mwanamke ana uwezo.

Nasibu akaweka birika chini. Yeye alisema hapana, ni kungu, wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama moshi wa tanuru. Wamefuata taa ya Angetile, wamemjaa machoni na mdomoni, akapiga kasia bila kuona mbele, na mtu akipiga kasia haoni anaweza kufika Msumbiji akidhani bado yupo Matema. Hakimu akaongezea kwamba Msumbiji kuna wazungu wenye boti kubwa, na hao wakimwokota mtu wanampa kazi kwanza, simu baadaye.

Basi na mimi nikatoa yangu, maana nisingeweza kupitwa na muuza kahawa. Nikawaambia maji ya Songwe yakiingia ziwani yanazunguka ziwa lote na kurudi palepale, na kila kinachoelea kinarudi nayo, kwa hiyo jambo la busara ni kukaa hapa, kunywa kahawa na kumsubiri. Nilisema kwa sauti ya mtaalamu aliyetumwa na serikali. Injini alinitazama, wala hakucheka. Nadhani aliona kwamba nilitaka iwe kweli.

Ndivyo tulivyokuwa tangu Jumamosi. Kila mtu akimpeleka Angetile mahali pake pa ajabu, na kadiri mahali palivyozidi kuwa pa ajabu ndivyo tulivyozidi kupumua. Mtu aliyepo Msumbiji yupo.

Nasibu ndiye aliyekumbuka.

— Darubini si alikuwa ufukweni usiku ule na kamera yake? Tena ameielekeza ziwani.

Injini akaweka kikombe chini. Mimi nikaanza kutoa simu mfukoni, lakini haikuhitajika. Gwamaka, huyo tunayemwita Darubini, alikuwa anakuja mwenyewe kwa njia ya sokoni, kompyuta yake kwapani ndani ya kiroba cha mchele.

Darubini ni mpiga picha wetu wa harusi, ubatizo na misiba. Siku moja alifungua kamera yake pekee akang'oa kioo kidogo cha ndani kinachozuia wekundu, eti kule juu kwenye nyota kuna mawingu mekundu ambayo kamera nzima haiyaoni. Tangu hapo kila bibi harusi wa Matema anatoka mwekundu kama nyanya ya Mbeya, na bwana harusi anatoka kama aliyetoka kunywa. Akafunga mbele lenzi ndefu kama mkono wa mtu, akaiweka juu ya mtambo wa bawaba za mlango na mota ya mashine ya fotokopi iliyokufa, ambao unazunguka polepole kuifuata anga. Nimemwambia mara nyingi: kaka, hapa Kyela mawingu yanatuozesha nguo mwaka mzima, wewe unafuata mengine.

Kazi yake inataka usiku usio na mwezi. Na usiku usio na mwezi ndio usipa wanafuata taa. Kwa hiyo yeye na wavuvi walikuwa wanagombea giza lilelile, yeye analalamika taa zao zinamharibia picha, wao wanamjibu kwa matusi ambayo hapa siyaandiki.

— Mwaghonile, — alisalimia.

Tukaitikia. Nilikuwa na utani wa kumtosha wiki nzima, lakini uso wake haukuwa na mahali pa kuuweka.

Akakaa mchangani, akafungua kompyuta juu ya mapaja, tukainama wote. Niseme ukweli, picha ilikuwa nzuri. Kale kawingu keupe kanakoonekana kusini usiku wa giza, kale ambako upepo haukaondoi, pale kalikuwa kametawanyika kuwa nyota kama mchele uliomwagika, na pembeni kana fundo jekundu, kama kaa la moto ukilipuliza. Darubini akasema hizo ni nyota za jirani zetu, mwanga wake umesafiri miaka zaidi ya laki moja mpaka kutufikia. Hakimu akasema hao ni kungu, akaombwa anyamaze.

— Maji yako wapi? — Injini aliuliza.

— Hapo chini.

— Hapo chini ni peusi.

— Ndiyo maji.

— Na taa za watu?

Darubini alifuta kioo kwa mkono wa shati, kioo ambacho hakikuwa na kitu. Kisha akaeleza, na mimi naeleza kama nilivyoelewa. Hapigi picha moja. Anapiga nyingi za kitu kilekile, halafu kompyuta inazipanga moja juu ya nyingine. Kilichotulia kwenye zote kinabaki, kinazidi kung'aa. Kilichohama kati ya picha na picha, iwe ndege, iwe popo, kompyuta inakihesabu uchafu na kukiondoa.

— Kawingu kalikuwa ndiyo kwanza kanachomoza juu ya ziwa, — alisema. — Picha za mwanzo taa zote zilikuwemo. Moja ilikuwa mbali na nyingine.

— Ya Angetile, — alisema Nasibu.

— Ya Angetile.

— Ilikuwa inakwenda wapi?

— Sikuangalia. Nilikuwa naangalia kawingu.

Injini akachuchumaa mbele yake. Alimuuliza taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto, zile picha moja moja za mwanzo, kabla hazijapangwa, ziko wapi. Darubini akasema ana kadi moja tu ya kamera na kompyuta imejaa mpaka juu. Jumamosi asubuhi, kabla taarifa hazijamfikia, alishatengeneza picha yake hii, akafurahi, akafuta zile nyingine zote. Jumapili palikuwa na kipaimara kanisani, akawapiga watoto picha kwa kadi ileile.

— Vitu vilivyofutwa si vinarudishwaga? — nikauliza, maana na mimi mambo ya kompyuta nayajua. — Kuna jamaa Kyela mjini anarudisha.

— Nimekwenda kwake jana. Tumejaribu mpaka jioni. Wanatoka watoto wa kipaimara tu.

Kule kwenye vyungu mama mmoja aligonga chungu kwa ukucha kumwonyesha mnunuzi kwamba hakina ufa.

Halafu Darubini akatoa lile ambalo nadhani ndilo lililomleta. Ijumaa jioni, wavuvi wakipakia nyavu, aliwaomba wasogee kidogo na taa zao, wamwachie kipande kile cha ziwa kwa muda tu. Wengine walimcheka. Angetile peke yake ndiye aliyekubali. Alimwambia sawa bwana mdogo, mimi nitavulia mbali, nisikuharibie.

— Mbali upande gani? — Injini alimshika bega. — Ulimwambia asogee upande gani?

— Nilimwambia asogee. Upande sikumwambia.

Hapo ndipo nilipomwona Kisa, mke wa Angetile. Wanawake hawasimami kijiweni kwetu, wanapita na salamu, kwa hiyo nilimwona akiwa ameshafika. Kumbe alikuwa amekaa kwa wauza vyungu muda wote, kitenge kimefungwa kiunoni, akisikiliza Ikombe, Karonga, Msumbiji, yule mwanamke mwenye uwezo, yote. Hakimu akasogea kumpisha.

Kisa aliinama akaitazama picha. Aliitazama muda mrefu kuliko sisi.

— Ndiyo hii aliyosogea kwa ajili yake?

— Ndiyo, dada, — alisema Darubini.

— Ni nzuri.

Darubini akaanza kulia bila sauti, mabega tu. Kisa hakumkemea na hakumbembeleza. Akanyoosha kidole mpaka pale chini penye weusi, karibu aguse kioo, asikiguse.

— Hizo taa mnasema zilikuwepo hapa, kompyuta ikazitoa.

— Ndiyo, dada.

— Ilizitoa ikaziweka wapi?

Aliuliza kama mtu anayeuliza ufunguo umewekwa wapi, yuko tayari kwenda kuuchukua. Darubini akanigeukia mimi, na Injini akanigeukia mimi, hata Hakimu, kwa sababu kila siku mimi ndiye ninayejibu. Nilitafuta. Nilitafuta kweli, mpaka kwenye yale nisiyoyajua. Nasibu akainua birika amjazie mtu yeyote kikombe, ikatoa tone moja na machicha.

— Basi tuelekee wapi, shemeji? — Injini alimuuliza Kisa.

— Mimi nimeuliza kwanza, — alisema.

Injini akashuka majini, akapanda boti, akavuta kamba mara tatu. Milimani ni kushoto, Songwe ni kulia. Tulimtazama akienda katikati, moja kwa moja, kama anayeingia kwenye ule weusi wa picha, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemtuma.