Majina Tuliyoyafuta Nyuma ya Picha za Eulalia Stroud

Mgeni rasmi, Daktari Whitlow, Mkuu wa Hifadhi ya Nyaraka, Mchungaji wetu, ndugu na majirani:

KARIBU
Umefika Pelham Landing, na chaza wa kukaanga wako mezani. Sisi ni wanawake tuliofungua chaza katika kiwanda cha gatini kwa miaka zaidi ya thelathini. Tulikuwa arobaini na mmoja. Leo tumebaki watano, na anayekusomea, Odessa Barfoot, amevaa miwani ya kuazima.

HISTORIA
Mwandishi Eulalia Stroud alikuwa mwenzetu kabla hajawa wa Marekani nzima. Asubuhi alifungua chaza, jioni aliandika riwaya jikoni kwa Dot Mayhew. Kaka yake alikuwa na kamera na hakujua kuiweka chini, ndiyo maana picha zikafika mia sita na kumi na mbili. Eulalia alipofariki, zilibaki katika kabati la kanisa. Tulizivusha salama katika vimbunga viwili.

MAFANIKIO
Miaka mitatu iliyopita tuliwakabidhi ninyi wa Hifadhi picha zote, bila hata moja kuharibiwa na maji. Mmezitia katika bahasha safi na mnazishika kwa glavu. Tunashukuru, na hili tunalisema kwa moyo mweupe.

CHANGAMOTO
Mwezi uliopita mlituletea orodha ya picha tuihakiki. Tuliisoma kwa sauti kanisani. Picha ya 88: "Mwandishi na mwanamke asiyetambulika." Ya 89: "Mwandishi na wanawake wawili wasiotambulika." Tukafika ya 212, Eulalia amelaza kichwa begani mwa mtu, anacheka: "Mwandishi na wanawake sita wasiotambulika."

Dot, ambaye ndiye mwenye bega, akauliza, "Nani huyo hatambuliki? Si mimi hapo?"

Tulicheka sana.

Mgeni rasmi, kosa si la watu wako. Wiki ile ya makabidhiano tulizigeuza picha, tukakuta penseli ya Eulalia nyuma ya kila moja. Aliandika majina yetu ya kiwandani: Kidomo, Dada Mkubwa, Mama Pilipili. Tukaona haya. Tukasema wasomi watatuona watu wasio na adabu, wanaochafua picha. Tukakaa kutwa nzima na vifutio.

Minnie Sayre alimtania Odessa, "Na mumeo umemfuta?"

"Nimemfuta. Angekuwa hai ningemfuta mara mbili."

Tulidhani tunasafisha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tumeyaona. Tunajuta, na majuto haya hayatupi usingizi.

OMBI
Tumeambiwa orodha inakwenda kuchapwa Jumatatu. Hatuombi barabara wala jengo. Tunaomba siku moja kabla ya hapo: zilete picha hizo, tukae nazo meza moja, tuseme nani ni nani, na mtu wako aandike.

Hatuwezi kungoja chapa nyingine. Dot amebakiwa na jicho moja. Minnie husahau jina la mwanawe, lakini ukimwonyesha picha anawataja wote waliomo, na nani alimnunia nani siku ile. Ruby Teal, aliyepiga chapa riwaya yote ya kwanza kwa mashine ya ofisi ya kiwanda, tulimzika Novemba. Yumo katika picha nne. Katika zote nne hatambuliki.

Mungu akurudishe nyumbani salama, na autie wepesi mkono utakaoandika.

Ni sisi, picha namba 212. Waliosimama, kutoka kushoto: Dot Mayhew, Odessa Barfoot, Minnie Sayre, Ida Gaines, Vernell Pugh. Aliyeketi mbele, mwenye kisu cha chaza mkononi: Ruby Teal.

Wanawake wa Kiwanda cha Chaza,
Pelham Landing, Alabama.