Springi Niliyoichoma Moto

Wapendwa, mchungaji ameniomba niseme maneno ya amani. Sina mengi. Nitasema yaliyonipata, na wengine humu mtajijua.

Nilizurura miaka ishirini, Singida hadi Tanga. Nikarudi Karatu na gari kuukuu la spoti, viti viwili, boneti ndefu, kama lile la meneja wa shamba la kahawa alikovuna baba. Lile lilikuwa limeinamisha pua. Hili langu kuna mtu alilinyanyua mbele kwa ajili ya barabara zetu. Nikataka pua ishuke, iwe kama ninavyoikumbuka.

Fundi mmoja, yuko humu, simtaji, maisha yake yote ananyanyua magari ya watalii. Akanicheka mbele ya watu. "Huku tunanyanyua, hatushushi." Nikamjibu kwamba mikono yake inajua trekta tu. Ndugu zangu, nawaambia, kwa hasira ile nilizichoma springi za mbele kwa gesi mpaka zikalegea. Pua ikashuka. Ninyi mkasema gari linasujudu.

Wiki hiyo hiyo nikampakia mama kwenda msibani Kansay. Kwenye mteremko springi ya kushoto ikalala kabisa, tairi likabana kwenye madigadi, tukaingia mtaroni. Mama akavunjika mkono. Dada yangu alipofika akanisukuma: "Usimguse." Miezi mitatu sikuvuka kizingiti cha mama. Na kuna waliopiga picha kabla ya kumtoa. Hao bado sijawasamehe, mniombee.

Nikalikokota gari hadi kwa fundi. Hakunipa kiti. Aliifungua ile springi iliyolala, akaitupa miguuni pangu.

"Chuma ukikichoma kinakutii siku moja," akasema. "Shika msumeno."

Alinitafutia springi nyingine mbili, nikazikata bila moto: nusu duara kila upande, rudisha, shusha jeki, pima, fungua tena. Siku nne. Hakuniita jina hata mara moja. Mwishoni akaliendesha gari mwenyewe hadi kijijini Daa na kurudi, akanirushia funguo.

Asante, fundi. Hatupendani, lakini umenifundisha: ukitaka kitu kishuke, kipunguze kidogo kidogo, usikilegeze kwa hasira.

Leo asubuhi nilisimama nje ya kizingiti kile. Mama akatoka, akalizunguka gari, akaikandamiza pua kwa mkono ule ule uliovunjika, kwa uzito wake wote. Pua ikapanda tena.

Akasema, "Nifungulie mlango."