Gérard Musafiri na Tofali la Tao la Saba

Jamaa na majirani, na ninyi mliotoka Kabambare kwa pikipiki katika matope haya, asanteni kufika. Mimi Chimène, kitinda mimba wake, nimepewa kusoma maisha ya Papa, baba yetu, kabla hatujamzika. Kwanza ninaomba mwenye kalamu atazame jalada la karatasi aliyoshika. Pale palipoandikwa "mlinzi wa messe", akate ile e ya mwisho. Tumemrudia fundi wa kompyuta mara tatu. Anasema mashine inaiongeza yenyewe. Mtaelewa mbele kwa nini herufi hiyo imetuchosha.

Papa Gérard Musafiri alizaliwa hapa Kasongo tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa nne wa Babu Musafiri, mpiga matofali, na Bibi Marie-Thérèse. Mwaka huo mess ilikuwa inaezekwa, ile nyumba ambamo maofisa wa jeshi wanakula na kupumzika. Ilichorwa Ulaya na mtu ambaye, Papa alisema, hakuwahi kutoka jasho. Ina baraza pana yenye matao saba ya matofali mekundu, jambo zuri kabisa. Halafu ndani ina chimini kubwa ya kuotea moto, katika joto hili la Kasongo! Haikuwashwa hata siku moja. Matofali yote yalipigwa na Babu na wenzake. Siku moja kapita, msimamizi wao wa kazi, alimharakisha kwa makelele, kidole gumba cha Babu kikazama katika udongo mbichi. Tofali likachomwa hivyo hivyo na alama yake, likajengwa mguuni mwa tao la saba.

Papa alianza masomo mwaka 1962. Vita vya 1964 vilifunga shule, akarudi darasani 1966, na akamaliza la sita mwaka 1970. Kisha akajifunza uashi kwa baba yake.

Tarehe 2 Mei 1977 alipewa kazi ya fundi na mlinzi wa mess, na hakuiacha mpaka mwaka huu. Miaka arobaini na minane. Makomanda walikuja na kwenda, kila mmoja na wazo lake. Mmoja alitaka kuziba matao kwa mbao apate ofisi.

Papa akamwambia: "Mon commandant, ukiziba hapa, upepo utapita wapi? Utapika maofisa wako humu."

"Wewe ni mulinzi ao ni bibi wa hii nyumba?"

"Bibi anaweza kurudi kwao. Mimi siwezi."

Matao hayakuzibwa. Vita vya 1998 vilipoanza, watu walikuwa wanapasua milango kuwa kuni. Papa aling'oa milango minne ya muvule, akaizika katika shamba letu la mihogo. Baada ya miaka mitano akaifukua, na mchwa walikuwa wamekula mmoja tu.

Tuseme ukweli hapa mbele yake: alituchosha. Nyumba yetu ilikuwa inavuja. Mimi na mtoto mgongoni nilikuwa naweka masufuria chini ya matone, na yeye wakati huo yuko juu ya mess, anatafuta bati lililolegea. Mama alikuwa anasema: "Mess iko na bwana muzuri. Mimi niko na bwana wa mess."

Mama, Célestine, ni binti wa Mwinjilisti Roger wa Kabambare. Papa alipopeleka posa, Babu Roger aliuliza anatumika kazi wapi. "Ku mess." Babu akakunja uso, kwa sababu katika Kifaransa messe, inayotamkwa sawa na mess, ni Misa ya Wakatoliki, na yeye alikuwa Mprotestanti wa kufa na kupona.

"Umekuwa Mukatoliki?"

"Hapana, baba mukwe. Ni mess, si messe."

"Mimi nasikia messe mara mbili."

Babu alipanda baiskeli siku mbili mpaka Kasongo ili ajionee mwenyewe. Papa akamtembeza barazani, akamwonyesha meza na viti. Babu alipoingia ndani akaona ile chimini, akaielekeza kidole: "Na altare hii?" Papa alimweka akae saa nzima mbele ya chimini, mpaka maofisa walipokuja kunywa bia wakiwa wamevua viatu. Hapo Babu akaamini. Walifunga ndoa Kabambare tarehe 18 Agosti 1984.

Mwezi wa nne mwaka huu mvua iliangusha tao la saba. Papa, ambaye kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, aliokota tofali la Babu Musafiri na kuliweka kando, kwenye depo, ghala ya mess. Ugonjwa ulipomlaza alituomba jambo moja tu: tofali lile likae kichwani pake kaburini. Tulifikiri ni jambo la asubuhi moja. Askari wa mlangoni akatuambia: "Tofali ni ya Leta, ya serikali. Lete baruwa."

Mwezi wa tisa Yaya Fidèle, kaka yetu mkubwa, mwalimu mzima, akaandika barua: tofali la "messe". Mwezi mzima ukapita. Jibu likaja na mhuri: kwa mambo ya messe, mwone padri paroko. Nakala ilikuwa imekwisha kupelekwa parokiani. Padri, mtu mwema, akamwombea Papa katika Misa ya Jumapili kwa jina lake lote. Tulipomwambia, Papa alicheka mpaka akakohoa. "Sasa naombewa pande zote mbili. Na tofali?"

Tofali hakuliona tena. Alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 8 Novemba 2025, saa tatu ya asubuhi, mkono wake katika mkono wa Mama.

Jana Jumatatu nilikwenda mwenyewe, na mtoto mgongoni, na nakala yetu ya barua ya Yaya Fidèle. Adjudant Fabrice, mwenye funguo za depo, akaisoma, akasema: "Mama, ya messe ni kwa padri." Nikamwomba kalamu yake ya bic. Nikakata e. Akasoma tena, akanitazama, akacheka kwa haya. "Kumbe ni ya Mzee Gérard!" Akaingia depo, akatoka nalo mikononi. Miezi miwili, kwa herufi moja. Nilipolipokea, mwanangu Sarah-Grâce alitia kidole chake katika alama ya Babu. Kikaingia chote, na nafasi ikabaki.

Liko hapa, ndani ya kitenge hiki. Yaya Fidèle ataliweka kichwani kabla ya udongo, na asiandike kitu juu yake.

Papa ameacha mjane, Mama Célestine; watoto watatu, Fidèle, Arlette na mimi; wajukuu tisa; na matao sita ambayo tunaomba yasizibwe.

Apumzike kwa amani. Mvua ikinyesha leo, Papa, usiamke. Tutaangalia bati sisi.