Mama Subiri na Kalunguyeye Kumi na Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefariki Jumanne iliyopita, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Wengi mlimfahamu kwa jina moja tu: Mama Subiri. Kwa miaka kumi na tisa alitunza wanyama wadogo wa kigeni katika kituo cha uokoaji. Narudia: miaka kumi na tisa.

Kazi hiyo hakuisomea. Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mteja wake mmoja alihama nyumba, akamwachia kasuku aliyejinyonyoa manyoya ya kifua. Alimpeleka kasuku kituoni. Kesho yake alirudi kumjulia hali, akajikuta anaosha vizimba.

Jina la Mama Subiri lina asili yake, na asili hiyo haina furaha.

Aliwapenda zaidi kalunguyeye, wanyama wa kuenea kiganjani, wenye miiba mgongoni. Watu huwanunua kwa kuwa wanapendeza, kisha huwatupa kwa kuwa wanachoma. Katika mwaka wake wa kwanza, asubuhi ya baridi kali, alimkuta mmoja amejikunja, baridi kama jiwe. Hakuona pumzi. Alimfunga kwa kitambaa, akamzika nyuma ya jengo kabla ya chai.

Mchana, daktari wa mifugo alimweleza jambo. Kalunguyeye akipatwa na baridi huzimika. Moyo wake hupiga polepole mno, hata mkono usiusikie. Huenda amekufa, huenda amezimika tu. Mama akakimbilia sepetu. Kitambaa alikikuta kimechanwa kwa ndani. Mnyama alikuwa amekufa, na safari hii ilikuwa kweli.

"Mama hakulia," asema binti yake wa pekee. "Aliniambia, 'Mwanangu, haraka yangu ndiyo iliyomuua.' Hakulitaja tena."

Tangu siku hiyo aliweka sharti: mnyama hazikwi kabla hajapashwa joto na kungojwa. Kila aliyesema "huyu amekufa" alijibiwa neno moja: "Subiri."

Fundi wa vizimba hakuacha kumtania. "Mama, hata kuku wa mchuzi utamngoja?"

"Hata wewe nakungoja, baba. Ukilala saa za kazi huna tofauti na maiti."

Miaka mitano iliyopita umeme ulikatika, na vipasha joto vikazimika. Asubuhi, kalunguyeye kumi na mmoja walikutwa wamekakamaa. Kumi na mmoja, wasikilizaji. Daktari mwingine, aliyekuwa mgeni kituoni, alisikiliza kila kifua kwa kifaa chake. Hakusikia kitu. Aliogopa maradhi, akaagiza wateketezwe. Gari la kuwapeleka kwenye tanuri lilikuwa tayari mlangoni.

Mama Subiri alisimama mbele ya sanduku walimowekwa.

"Mama, nimewapima wote," daktari alisema.

"Sibishani na vipimo vyako, mwanangu. Nabishana na saa yako. Nipe hadi adhuhuri."

Aliwatia watatu ndani ya sweta lake. Wengine akawagawa: kwa binti yake, kwa dereva wa lile gari, kwa fundi. Alisisitiza joto la mwili, maana moto wa ghafla ungewaua. Walikaa kwenye benchi kama kuku wanaoatamia. Saa nne na robo fundi alipiga kelele.

"Mama! Ananidunga!"

"Vumilia, baba. Maiti hadungi."

Kufikia adhuhuri, tisa walikuwa wameamka. Tisa kati ya kumi na mmoja. Wawili hawakuamka, na muda alioomba ulikuwa umekwisha. Daktari aliliruhusu gari liondoke tupu. Kisha akanyoosha mkono, akapokea mmoja wa wale wawili, akamtia ndani ya koti lake. Waliwashika hadi asubuhi ya pili, kwa zamu. Hawakuamka.

Mama Subiri aliwachimbia shimo mwenyewe. Aliposhindilia udongo, alimwambia binti yake: "Hawa sikuwaharakisha."

Kwa binti yake, wajukuu zake na wenzake wote kituoni: poleni kwa msiba. Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali pema. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tuwafikirie wale tuliokwisha kuwakatia tamaa: ndugu, jirani, pengine mtoto. Je, tuliwahi kuwapa joto, au tuliwasikiliza kifua mara moja tu, tukaita gari?