Virage ya Wamaza

ODILE: Haloo? Ni nani?

HIPPOLYTE: Ni miye, Hippolyte.

ODILE: Hippolyte gani? Hii namba siijui.

HIPPOLYTE: Hippolyte wako. Nimeazima simu ya mutu, yangu imevunjika. Jambo, Odile. Umeshinda muzima?

ODILE: Jambo. Nimeshinda na aibu. Wajomba wangu wamekaa hapa Kasongo tangu asubuhi, wanangoja kuona bwana-arusi na mama ya bibi-arusi wakijuana. Huyu hakuna, yule hakuna. Wanatazamana wao kwa wao.

HIPPOLYTE: Mama yako hajafika?

ODILE: Atafika vipi? Kuna bingwa mumoja wa piki amemugonga. Pale kwenye virage, ile kona ukitoka tu Wamaza. Amenipigia sasa hivi.

HIPPOLYTE: Amesema nini?

ODILE: Eti alikuwa amepakiwa nyuma kwenye piki ya Yves, jirani yetu. Yves ameshika upande wake wa kuume, polepole, kama mutu anayebeba mayai. Bingwa akatokea mbele. Yeye virage haizunguki, anaikata. Barabara yote ni yake, baba yake alimuachia urithi.

HIPPOLYTE: Pengine upande wake kulikuwa shimo—

ODILE: Mama anasema hakuna shimo.

HIPPOLYTE: Iko kadogo tu, ka—

ODILE: Unasema?

HIPPOLYTE: Rezo ya simu inakatakata. Nilikuwa nauliza, na muguu wake?

ODILE: Sijataja muguu.

HIPPOLYTE: Haloo?

ODILE: Haloo yako. Hippolyte, uko wapi?

HIPPOLYTE: Wamaza.

ODILE: Wamaza unafanya nini?

HIPPOLYTE: Nilitaka kumupokea mama njiani. Nikafikiri, mutu mukubwa kama yeye afike Kasongo bila mutu wa kumupokea, si heshima. Nikaharakisha nimukute kabla hajatoka.

ODILE: Basi umemupokea.

HIPPOLYTE: Odile—

ODILE: Hapana, umemupokea vizuri. Wengine wanapokea wakwe wao na kuku, na kitambaa. Wewe umemupokea na gurudumu la mbele.

HIPPOLYTE: Usiniseme hivyo. Nilimukuta chini, kilemba kimetoka, anapapasa majani anatafuta kiatu. Sikumujua. Yves hana kitu, ila piki yake imepinda. Nikamubeba mama mugongoni mpaka kwa munganga. Munganga amefunga muguu na vijiti. Anasema mufupa umepasuka, lazima apelekwe hospitali huko Kasongo.

ODILE: Na yeye amekujua?

HIPPOLYTE: Hapana. Njia yote nikimubeba, alikuwa ananielezea bwana wa mutoto wake. Eti ni mutu wa piki pia, lakini mwenye akili. Eti Odile alimuapia hivyo; kusikia jina lako, nikajua ni mama.

ODILE: Niliapa kweli. Siku ile nilikuwa na akili kama yako.

HIPPOLYTE: Akasema, ungekuwa na nusu ya akili yake, leo ningekuwa nimefika. Nikaitika, ndiyo, mama.

ODILE: Ukanyamaza hapo.

HIPPOLYTE: Ningesema nini? Niliogopa atashuka.

ODILE: [anacheka, anaacha] Analia?

HIPPOLYTE: Halii. Lakini akifikiri simuoni, anashika ubao wa kitanda kwa nguvu.

ODILE: Muambie.

HIPPOLYTE: Muambie wewe, ni mama yako. Nimupe simu—

ODILE: Miye sikukata virage. Muambie sasa, na simu usiifunge. Nataka kusikia.

HIPPOLYTE: Simu ni ya munganga, inite yake ya kupigia inaisha.

ODILE: Basi fanya haraka. Haraka unaijua.

HIPPOLYTE: [mbali na simu] Mama. Bwana wa Odile, yule uliyekuwa unanielezea... ni miye. Ni miye Hippolyte. Hakukuwa shimo, mama. Nilikata tu. Unisamehe.

[Simu inakwaruza.]

ODILE: Amesema nini?

HIPPOLYTE: Hajasema. Ananitazama.

ODILE: Anakutazama namna gani?

HIPPOLYTE: Kama samaki ya jana sokoni. Ngoja, anasema.

ODILE: Anasema nini?

HIPPOLYTE: Anasema nimulete Kasongo miye mwenyewe, maana piki nzima hapa ni yangu tu. Anasema kunisamehe kutangoja muguu upone. Na juu ya ndoa, si kazi yake, nikuulize wewe. Kama bado unanitaka.

ODILE: Bado.

HIPPOLYTE: Bado ya ndiyo, ao bado ya hapana?

ODILE: Umulete kwanza. Na kwenye virage—

HIPPOLYTE: Nitashika upande wangu wa kuume, naapa—

ODILE: Hakuna kuapa. Utashuka. Yeye atabaki juu, wewe utasukuma piki mpaka uone mbele.

HIPPOLYTE: Virage zote? Toka Wamaza mpaka Kasongo?

ODILE: Zote.

HIPPOLYTE: Odile, itakuwa usiku. Itakuwa hata kesho.

ODILE: Nitakungoja.

HIPPOLYTE: Umesema nini? Sikusikia, inite imei— Odile? Haloo?