Majina Yakae Ndani ya Kola

Sogeeni, wanangu, na mzime hiyo redio, pumzi iliyobaki sitaki kugombania na mtangazaji. Niliacha shule darasa la nne, lakini mtaa huu haujaona fundi wa kunifikia kwa kutarizi, na anayebisha aje sasa, kesho hatanikuta.

Ndiyo maana nilimtarizia dada yenu jina mgongoni mwa sweta, herufi za njano, lisomeke hata ng'ambo ya barabara. Likasomeka. Wenzake walisema mtu wasiyemjua alimwita kwa jina kama mjomba wake, naye, mtoto wa miaka saba mwenye adabu, akaitika na kumfuata, asionekane tena. Majivuno yangu ndiyo yaliyomtambulisha. Hilo ni langu, nitazikwa nalo, msinisaidie kulibeba.

Lakini wale wengine! Mkuu wa kituo cha polisi, kijiti mdomoni, aliniambia, "Mzee, watoto hucheza, rudi kesho." Kesho yake kalamu haikuwa na wino. Leo amepandishwa cheo. Kitambi nacho hakikubaki nyuma. Na mwalimu mkuu, msomi wa vyeti vinne, nilipomsihi majina yashonwe ndani ya kola, alisema nje yanapendeza kwenye picha. Picha! Basi mimi wa darasa la nne nikawa nasimama getini kwake kila muhula unapofunguliwa, wembe mkononi, nikifumua majina bure, mpaka mlinzi akanibandika Profesa Fumua. Mwaka wa tatu akamleta binti yake, sauti chini: "Profesa, na huyu pia." Nilimfumulia. Nilimcheka kidogo, ndiyo, mimi si malaika.

Sasa shikeni haya. Chumba cha mbele ni chako, mkubwa. Cherehani na chumba cha kati ni vyako, mdogo. Cha nyuma ni cha dada yenu. Baba yenu mdogo atakuja kabla udongo haujakauka, na karatasi ya kutangaza kwamba dada yenu amekufa, ili kile chumba kipangishwe. Ameshanijia hapa kitandani: "Kaka, miaka kumi na moja, kubali yaishe." Nikamwambia yeye tumemvumilia miaka hamsini na hajaisha. Msitie saini. Asiyeonekana si maiti.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mmoja wenu aende kituoni aulizie faili. Wakicheka, kaeni kwenye benchi mpaka wachoke kucheka, maana faili lisiloulizwa hulaliwa na panya. Simu yangu isizimwe, namba ile dada yenu aliijua kwa kichwa. Na getini asikosekane mtu wa wembe.

Maji... hapana, acheni, yananipalia. Mkubwa, usimnyanyase mwenzako. Mdogo, usinililie mbele ya baba yenu mdogo, atadhani ameshinda. Mungu awafunike... awape ubishi wangu, majivuno ayaache... Nawabariki, wanangu, nyote... watatu. Mmesikia? Watatu.