Sista wa Wodi ya Wazazi na Alama ya Hamsini na Mbili

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wauguzi mliokuja moja kwa moja kutoka kazini na sare zenu, familia imempa mdogo wa mwisho wa marehemu kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake, naye ameyaandika kwa kuuliza watu na kutazama vyeti, kwa sababu marehemu hakupenda tarehe za kukisia.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi bomba wa idara ya maji na mke wake mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya matangi. Cheti chake kinasema alizaliwa saa saba mchana, lakini mama hadi anafariki alishikilia kwamba ilikuwa asubuhi, na kwamba kufika saa saba alikuwa ameshakunywa chai na kulala, na alipoulizwa kati yake na serikali nani mwongo, alijibu, "Serikali haikuwa na uchungu siku hiyo."

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1968 hadi Desemba 1974, kisha sekondari ya wasichana hadi Novemba 1978, ambako aliadhibiwa mara moja tu, kwa kumsahihisha mwalimu wa hesabu mbele ya darasa, na wiki iliyofuata mwalimu akafuta ubao na kulirudia somo. Tarehe 8 Januari 1979 aliingia chuo cha uuguzi na ukunga, akahitimu tarehe 17 Desemba 1982.

Kazi aliianza Jumatatu, tarehe 10 Januari 1983, katika wodi ya wazazi yenye vitanda kumi na viwili, meza moja ya kuandikia na saa moja ya ukutani iliyokuwa nyuma kwa dakika nane, na huko ndiko alikopewa jina la Sista, ambalo hata sisi ndugu zake tuliishia kumwita. Waliozalishwa naye wanakumbuka mkono wake begani na sauti yake ikisema, "Bado, mama, usisukume, bado," na wapo waliomtukana kwa neno hilo, wakarudi baada ya wiki mbili na mtoto mgongoni kuomba radhi.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1986, na fundi wa redio na majokofu, aliyeitwa wodini kutengeneza mashine ya kuchemshia vyombo, akaifanya kwa siku tatu kazi ya saa mbili, na mpaka leo shemeji hajatueleza sababu. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kiume mwaka 1987, na wa kike wawili, mwaka 1990 na mwaka 1995.

Katika miaka hiyo ya wodini Sista aliona jambo ambalo wengine walilipita. Daftari la uzazi lilionyesha kwamba kati ya saa moja na dakika ishirini na saa moja na dakika arobaini asubuhi, muda ambao wauguzi wa usiku hukabidhi kwa wa mchana, karibu hakuna mtoto anayezaliwa. Alimwambia mkuu wa wodi, "Watoto hawajui zamu. Sisi ndio tunaojua." Mkuu alimshauri akasome, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuchukua ushauri kama ulivyo, Septemba 2001, akiwa na miaka arobaini na watoto watatu, alipewa ruhusa ya miaka miwili, mwisho tarehe 30 Septemba 2003, akaanza masomo ya uzamili.

Hapo ndipo alipokutana na mwalimu ambaye wanafunzi walimwita Profesa Bado. Profesa hakutoa alama kama walimu wengine. Ukimpelekea kazi, aliirudisha na neno moja kwa penseli, Bado, na chini yake swali moja, ukijibu anakurudishia Bado nyingine na swali jingine, na namba haikuandikwa mpaka siku atakayoona kazi imeiva. Darasa lao lilikuwa la watu kumi na mmoja, mmoja alihamia idara nyingine kabla ya Krismasi, na kijana mmoja mhasibu alilia kwenye ngazi, naye Sista akaketi kando yake na kumwambia, "Mdogo wangu, bado si hapana. Mimi neno hili nimelisema miaka kumi na minane, na wote walijifungua."

Tasnifu yake ilihusu zile dakika ishirini za daftari, akaipeleka mara tatu, na mara tatu ikarudi na Bado, naye hakununa, alisema amepata mkunga mwenzake.

Kosa halikutoka darasani. Profesa aliandika neno lake hata kwenye fomu ya alama inayokwenda ofisi ya mitihani, na kwa miaka mingi karani wa pale, mzee aliyemfahamu, aliiweka fomu kando na kusubiri. Karani huyo alistaafu Juni 2003. Aliyempokea alikuta safu ya alama imeandikwa bado, akaelewa kama ambavyo yeyote kati yetu angeelewa, kwamba mwanafunzi bado hajaleta, na Jumatatu, tarehe 4 Agosti, Sista akapokea barua ya kuondolewa masomoni kwa kutowasilisha tasnifu.

Alikwenda ofisini na nakala zake tatu kwenye mfuko wa nailoni. Karani alikuwa mpole, akamgeuzia fomu aione mwenyewe, akasema, "Mama, Profesa kaandika bado." Sista akamjibu, "Bado yake ni kwamba haijaiva. Kuleta nimeleta." Karani akatazama kompyuta, akatazama zile nakala, akasema, "Mama yangu, humu kuna ameleta na hajaleta. Ya kuiva hawakuniwekea."

Kutoka hapo alipanda kwa Profesa, chumba chenye viti vitatu, viwili vikiwa vimekaliwa na makaratasi, akamwambia akiwa amesimama, "Neno lako limenitoa chuo." Profesa alivua miwani, akaanza kuilaumu ofisi, Sista akamkata kwa adabu, "Mtoto akiandikwa vibaya hatuulizi daftari, Profesa. Tunamuuliza aliyeshika kalamu." Asubuhi iliyofuata Profesa alikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya mitihani.

Kamati ya mitihani ya chuo iliwapa njia mbili, ama iletwe namba kabla ya Ijumaa, tarehe 15 Agosti, ama Profesa aombe muda mpaka Machi, na barua ya kuondolewa ibaki ilivyo hadi hapo. Profesa alimweleza kwenye korido bila kumzungusha, kwamba kazi ile ikifika Machi inaweza kuwa ya themanini, ila kwa leo ni ya hamsini na mbili, na kuongeza hata moja kwa huruma hawezi. Kupita ni hamsini. Kwa upande wa pili, hospitali ilikuwa imesema wazi kwamba asiporudi tarehe mosi Oktoba nafasi yake anapewa mwingine.

Shemeji anasema walilizungumza jambo hilo kwenye meza yake ya ufundi, redio ya mtu ikiwa wazi mbele yao, na alimwambia mkewe avute subira, lakini Sista alisema, "Wodini mtoto mwingine tunamtoa kabla hajataka, kwa sababu mama amechoka. Akishatoka, tunamlelea nje." Alichukua hamsini na mbili, akahitimu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2003, na picha ya siku hiyo inaonyesha watu wote wanacheka isipokuwa yeye.

Familia haitaficha kwamba namba hiyo ilimuumiza. Mwaka 2004 aliomba kazi ya kufundisha chuo cha uuguzi, akarudishwa kabla ya usaili kwa sababu walitaka sitini, na aliyeajiriwa alikuwa binti aliyewahi kufundishwa na yeye kufunga kitovu. Hakumsema Profesa vibaya, ila kwa miaka miwili hakumpelekea hata salamu.

Januari 2006 aliitoa ile tasnifu kabatini, akaandika upya sura ya tatu, akamtumia Profesa kwa posta, bila chuo, bila alama, bila mtu kumdai. Baada ya siku tisa ilirudi na Bado, na swali chini yake, "Nani alikuwa ameshika kalamu?" Alikaa na swali hilo miaka minne, akatumia muda wake wa mapumziko kupitia madaftari ya zamani, uzazi elfu sita mia mbili na kumi na nne, akilinganisha miandiko na orodha za zamu, akagundua kwamba hakuna aliyekuwa akidanganya, bali anayetoka alimwachia anayeingia aandike, na anayeingia aliandika saa aliyofika mezani. Oktoba 2010 Profesa aliirudisha kazi bila Bado na bila swali, ameandika kwa kalamu ya wino neno moja, Nimeelewa.

Mwaka 2011 ilichapishwa katika jarida la wauguzi, na kuanzia tarehe 1 Februari 2012 hospitali iliweka safu mbili kwenye daftari la uzazi, moja ya saa mtoto alipotoka, ya pili ya saa ilipoandikwa. Mwaka 2013 chuo cha uuguzi kilimwita kikamwajiri, na safari hii hakuna aliyeuliza alama, akafundisha hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2021.

Profesa aliwahi kumfuata nyumbani, mwaka 2012, na barua aliyokwisha kuiandika kuomba chuo kibadilishe ile alama. Sista alimkaribisha chai, akaisoma barua mpaka mwisho, akamrudishia, akisema, "Siku ile ilikuwa hamsini na mbili. Tukibadilisha leo, tutakuwa tumeandika saa ya uongo." Profesa aliichana barua, wakanywa chai, na kuanzia hapo alikuwa mtu wa nyumbani kwetu.

Februari 2023 Sista aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na aliwasumbua wauguzi kwa maswali kama wao walivyosumbuliwa naye darasani. Mei mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa, na Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, saa tisa na dakika kumi na saba alasiri, alifariki akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, mumewe akiwa upande mmoja wa kitanda na binti mdogo upande wa pili. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mlioleta viti, maji na mikono yenu, walimu na wanafunzi wa chuo cha uuguzi, pamoja na karani wa ofisi ya mitihani, ambaye yuko hapa, na ambaye Sista hakuwahi kumhesabia kosa.

Profesa yuko hapa pia, ana miaka themanini na mmoja, ameketi karibu na shemeji. Jana alituomba tuseme mbele yenu kwamba lile kosa la mwaka 2003 lilikuwa lake, na kwamba mwaka uliofuata aliacha kuandika neno lile kwenye fomu, akaliacha kwenye kazi za wanafunzi peke yake. Tulibishana kama jambo hili ni la msibani, shemeji akakata shauri, akasema isomwe kama ilivyotokea, mkewe asingekubali pungufu. Tumeisoma.

Sista, wanaoingia wamefika mezani na kalamu wanayo. Vua viatu, upumzike kwa amani.